Kidonge na Tui la Nazi

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii ni ya kupima viuno vya wanaume mchana kutwa. Mwanaume akisimama mbele yako amenyoosha mikono, amebana pumzi ili tumbo lirudi ndani, huanza kusema mambo ambayo hukumuuliza. Kwa hiyo habari za nguvu za kiume nilizisikia miaka mingi kabla hazijanihusu. Nilizisikia futi ikiwa shingoni na pini zikiwa mdomoni. Pini mdomoni zinasaidia sana, maana hakuna anayetegemea jibu kutoka kwako.

Zilipokuja kunihusu nilikuwa nimeshavuka hamsini, na sukari nilikuwa nayo tangu zamani. Kliniki ya sukari nilihudhuria bila kukosa, kwa sababu mke wangu alikuwa akinisukuma mlangoni. Mwaka huo daktari alikuwa mpya, binti kutoka mikoa ya kaskazini, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo vizuri. Akauliza habari za miguu, akauliza macho, akauliza kama naamka usiku kukojoa, kisha kwa sauti ile ile akauliza, "Na tendo la ndoa, baba, linaendaje?"

Nikatazama ukutani. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya figo. Niliitazama ile figo mpaka akarudia swali.

"Linaenda polepole," nikasema.

"Polepole, au haliendi?"

"Haliendi."

Hakucheka wala hakunihurumia, na namshukuru kwa yote mawili. Alinieleza kwamba sukari ikikaa sana mwilini inaharibu mishipa midogo, na huko ndiko mishipa midogo iliko. Akanipima presha. Akaniuliza mara mbili kama kifua kinanibana nikipanda ngazi, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kunipa kidonge cha moyo, kile cha kuweka chini ya ulimi. Nikasema hapana. Akasema vizuri, kwa sababu kile na hiki anachotaka kunipa havikutani mwilini. Vikikutana presha inaanguka na mtu anaweza asiinuke tena. Baada ya hapo ndipo akanitajia dawa, sildenafili. Nimeze saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, nisile chakula chenye mafuta mengi. "Na dawa haileti hamu, baba," akasema. "Hamu uwe nayo mwenyewe."

Nikamwambia hamu ninayo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na mtu aliyekuwa nje kwenye benchi akakohoa.

Sasa mafuta mimi nayajua. Mafuta yako kwenye dumu la njano. Nikaacha chapati, nikaacha samaki wa kukaanga, nikaacha sambusa za jirani yetu wa mtaani Likombe, na jirani akanuna. Nikajiona mtu mwenye msimamo. Nazi sikuifikiria hata kidogo. Mtu aliyezaliwa Mikindani haifikirii nazi. Nazi haiwekwi kwenye chakula, nazi ndiyo chakula, na hivyo vingine ndivyo vinavyowekwa ndani yake.

Kidonge nilikimeza chooni. Sikumwambia mke wangu. Fundi anayemwambia mteja kwamba mkasi umepotea anapoteza mteja, nadhani niliwaza hivyo. Nikameza, nikanawa uso, nikatoka nikakaa mkekani, na chakula kikaletwa.

Kilikuwa pweza wa tui. Tui la kwanza, zito, limekauka mpaka linashikana na kijiko, na wali wa nazi pembeni. Nilikula, kwa sababu ni kitamu na kwa sababu kutokula hakuwezekani. Kwetu mume anayerudi nyumbani asile amekula kwingine, na swali linalofuata ni kwa nani. Mwanaume anaweza kurudi hana hela, anaweza kurudi amenuna, ataulizwa kesho. Akirudi hana njaa anaulizwa hapo hapo.

Basi nikala, nikangoja. Uso ukapata moto. Pua ikaziba. Taa ya chumbani ikawa na rangi ya bluu kidogo, na kichwa kikaanza kugonga upande wa kulia. Huko kwenyewe kulikuwa kimya. Mke wangu akanigusa shavu akasema nina homa, akaniletea dawa ya maumivu na maji. Nikageukia ukutani. Kesho yake, kwa huruma, akaongeza nazi ya pili.

Ambacho sikukijua wakati huo, na nilikuja kuambiwa baadaye kwa sauti ya juu, ni kwamba yeye naye alikuwa kwenye matibabu. Mke wangu ni mtu wa Mpapura, na watu wa kwao hawamtupi somo. Somo wake ni yule bibi aliyemfunda akiwa msichana, alipochezwa unyago, na mpaka leo jambo likimshinda ndani ya nyumba anapanda pikipiki kwenda kumuuliza. Alikwenda. Somo akasikiliza, akasema, mwanaume huyo amechoka, anakaa kwenye cherehani kutwa, mlishe. Akamtajia pweza, akamtajia kisamvu cha karanga, akamtajia korosho za kutwangwa, na vyote hivyo, akasema, uvipe nazi ya kutosha, usimwonee choyo.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na matibabu mawili, na kila mmoja anaficha la kwake. Mimi namezea chooni, yeye anakuna jikoni. Kila dawa yangu iliposhindwa, yeye aliona nazi haijatosha. Nilianza kuiogopa ile sauti ya kibao cha mbuzi jioni, kru, kru, kru, bila kujua ninaogopa nini. Nilidhani inanikera tu, kama inavyonikera redio ya jirani.

Pale kibandani kwangu, karibu na soko, nikaanza kusikiliza kwa makini zaidi. Mteja wangu mmoja, mstaafu wa bandari, alikuwa anashonewa suti ya harusi ya mjukuu wake. Huyu hakuwa na siri. Alisimama mikono imenyooka, akatangaza kama anatangaza meli.

"Fundi, hicho cha saa chache ni cha vijana. Mi natumia kile cha siku moja na nusu. Nameza Alhamisi, Ijumaa naswali, natoka, natembelea wagonjwa, narudi nyumbani, bado kipo."

Nikatoa pini mdomoni. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza kwa faida ya jamii, kama hicho cha siku moja na nusu kina masharti ya chakula.

"Masharti gani? Nakula kila kitu. Ila kiuno, fundi! Kesho yake kiuno kinauma kama nimepakua meli ya saruji peke yangu."

"Na daktari alisema nini kuhusu kiuno?"

"Daktari yupi?" akasema. Alikuwa anavipata kwa jamaa yake.

Nikarudisha pini mdomoni na nikamshonea suruali yenye nafasi kiunoni. Wapo wengine waliokuja na habari za vumbi la Kongo na mizizi ya kuchemsha, na mmoja alinipa ushauri bure ambao sitauandika hapa. Nilichokusanya kwa watu wote hao ni kwamba kila mmoja dawa yake inafanya kazi ajabu, na kila mmoja anatafuta nyingine.

Msimu wa korosho ukaingia. Kila mwaka, wakulima wa Nanyamba wakishauza, mimi hubeba cherehani na majora ya kitambaa nikaenda kukaa kule siku kadhaa, kwa sababu watu wakipata fedha wanaoza watoto wao, na wakioza wanashona. Mke wangu huwa ananifungia mihogo ya kuchemsha na kunisindikiza mpaka barabarani. Mwaka huo alisimama mlangoni akaangalia ninavyopakia, mikono imekunjwa. Niliporudi alichukua shati langu kwenda kulifua, na kabla ya kulitia majini akalinusa, kola na kwapa, akidhani simwoni. Lilinuka moshi wa pasi ya mkaa. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona nikimwambia nimekiri kwamba kuna la kujibu.

Jioni ile alipika kisamvu, nikala, nikageukia ukutani. Asubuhi, akinimiminia chai, akasema, "Mjomba anakuja Ijumaa."

Acha nieleze. Kwa watu wa mke wangu, mtoto wa kike ni wa mjomba. Mjomba ndiye aliyenikabidhi, na mjomba ndiye anayekuja jambo likiharibika. Haji kusalimia. Kusalimia anapiga simu. Mara ya mwisho kuja mjini kwa mwendo huo alikwenda kwa dada mkubwa wa mke wangu, aliyekuwa na mume Mtwara hapa hapa, wakazungumza mpaka alasiri, na jioni akaondoka na yule dada mtu pamoja na kabati lake. Yule bwana niliwahi kumshonea. Siku hizi anaweka nguo kwenye ndoo.

Niliogopa. Sitaki kulipamba neno. Tuna watoto wameshaondoka, nyumba imebaki sisi wawili, na nilipojaribu kuiwaza bila yeye niliona kibanda changu cha kushonea, ila chenye kitanda.

Tarehe yangu ya kliniki iliangukia juma hilo. Nikakaa mbele ya yule daktari, na safari hii figo sikuitazama.

"Dawa haifanyi kazi," nikasema.

"Haifanyi kabisa?"

"Inafanya kichwani. Kichwa kinauma vizuri sana."

Akaniuliza nameza saa ngapi, nikamwambia. Akauliza kama nafuata masharti ya chakula, nikamwambia nimeacha mafuta mpaka nimegombana na jirani. Akasema nimtajie nilichokula mara ya mwisho nilipomeza. Nikamtajia kisamvu. Akauliza kimeungwa na nini. Nikasema karanga na tui. Mara ya kabla ya hapo? Pweza wa tui. Na kabla ya hapo? Wali wa nazi na kunde za nazi, na kitu cha korosho ambacho sikijui jina. Akaweka kalamu chini.

"Baba, nazi ni mafuta."

"Nazi ni nazi," nikasema.

"Baba."

"Mafuta ni ya kukaangia."

"Tui lile likikaa jikoni kwa muda, juu panakuwa na nini?"

Nilikuwa najua juu panakuwa na nini. Mama yangu alikuwa akiyaengua na kutupaka kichwani.

Akanieleza kwa subira kwamba tumbo likijaa chakula cha namna ile, dawa hii inachelewa kuingia kwenye damu na inaingia kwa unyonge, na ikifika mwenyewe nimeshakata tamaa. Kosa halikuwa la dawa wala langu. Akasema ipo nyingine, tadalafili, hiyo haijali chakula, na inakaa mwilini siku moja na nusu hivi. Nikamwambia naijua, inaumiza kiuno. Akashangaa kidogo, akasema ndiyo, baadhi ya watu inawauma mgongo na misuli, nijaribu tuone.

Kwenye duka la dawa wakaniambia imekwisha, itakuja na mzigo wa Dar es Salaam juma lijalo. Mjomba alikuwa anakuja kesho kutwa. Nilisimama pale nikifikiria namna ya kumwambia mke wangu apike bila nazi na nisitoe sababu. Mwanamke aliyekupikia nazi maisha yake yote ukimwambia aache, amesikia umemwambia aache mengine pia. Sikupata namna.

Mjomba alikuja baada ya swala ya Ijumaa, mzee mwembamba, mkulima wa korosho, amevaa kanzu niliyomshonea mimi mwenyewe. Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, na sijui kama ni mimi au ni yeye. Kwa kuwa mgeni hasemi na njaa, tulikula kwanza. Samaki wa nazi. Mjomba akasifu tui. Mke wangu akatoa sahani, akarudi, akakaa mkekani karibu na mlango, ameangalia chini.

"Mwanangu," mjomba akaniambia, "mie sikuja kugombana. Tulikupa mtoto wetu mzima, hana kasoro. Sasa nasikia usiku anaangaliwa na mgongo. Kama umemchoka, sema. Kama Nanyamba kuna mtu, sema vilevile. Kwetu nafasi ipo, hatujajaa."

"Mjomba, Nanyamba kuna korosho tu."

"Basi ni nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzunguka. Nilianza na hali ya uchumi, nikaona uso wa mke wangu unafunga kama mlango, nikaacha.

"Ninaumwa," nikasema. "Sukari imefika huko. Natumia dawa ya hospitali tangu kabla ya msimu, na dawa haifanyi kazi kwa sababu ya nazi."

Mjomba akatazama kikombe chake. Mke wangu akainua kichwa.

"Nazi gani?"

"Zote."

"Hizi ninazokuna mimi?"

"Hizo."

Akanyoosha mkono wa kulia, akatuonyesha kifundo kwa zamu, mjomba kwanza kisha mimi. Kilikuwa kimevimba. "Mkono huu! Nakuna nazi mbili mbili kila siku, mkono hauniruhusu hata kufua, nimekwenda mpaka kwa somo, nakupikia nguvu, kumbe nazimwaga? Na wewe unakula tu! Unaniambia tamu!"

"Ni tamu," nikasema.

"Ungesema kwa mdomo wako ningekupikia uji! Uji unanishinda?"

Akaenda jikoni. Tukasikia masufuria yakipangwa upya bila sababu. Mimi na mjomba tukabaki tunatazama mlango, kisha mjomba akasogea karibu, akashusha sauti.

"Na mtu mwenye kile kidonge cha chini ya ulimi, hiyo dawa anaruhusiwa?"

"Huyo hapana kabisa, mjomba. Anaweza kufa. Akamwone daktari, asinunue cha mtaani."

Akaitikia kwa kichwa pole pole. Akasema alikuwa anauliza kwa ajili ya jirani yake. Nikamwambia amwambie jirani yake leo leo, asingoje kesho, akasema atamwambia. Aliondoka na pikipiki kabla ya alasiri, peke yake. Kabati lilibaki.

Mke wangu alininunia mpaka mzigo wa Dar ulipofika. Wakati huo wa kununa alinipikia uji na samaki wa kuchoma wasio na chochote, akaweka kidonge changu cha kwanza, kile cha masharti ya chakula, kwenye kisahani cha kikombe, mbele ya macho, pamoja na glasi ya maji. Sikwenda tena chooni. Nikameza, nikala uji wake, nikangoja, na kwa heshima yake nitasema tu kwamba daktari alikuwa amesema kweli. Asubuhi yake alikuwa bado amenuna, ila alinuna akiimba.

Tarehe iliyofuata alikuja na mimi kliniki. Akaketi kiti cha mbele, akamuuliza daktari maswali ambayo mimi nisingeyauliza hata kwa bunduki, likiwamo la kwamba je, mtu akinuna, dawa inafanya kazi? Daktari akasema, hapana mama, ndani ya kununa haifanyi. Mke wangu akanitazama.

Kwa hiyo sasa tumevijaribu vyote viwili, na anayeulizwa kwetu kuhusu tofauti zake ni yeye. Anasema cha kwanza ni mgeni wa serikali, lazima ujue anafika saa ngapi, ufagie, usipike ovyo, na akishafika haonekani kukaa. Cha pili ni ndugu, anakula kilichopo, ila haondoki. Mimi ninachojua ni kwamba cha kwanza kinanipa kichwa na cha pili kinanipa kiuno, na mtu wa cherehani kiuno anakihitaji. Siku ya pili yake mke wangu hunilaza kifudifudi akanikanda kwa mafuta ya nazi, ananung'unika kwamba nazi haijatosha bado.

Jioni moja majuzi nilirudi nikamkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi nyuma ya nyumba, anakuna kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado haujapona sawasawa. Nazi nyingine ilikuwa pembeni, imepasuliwa. Nikakaa kizingitini kuvua viatu. Akasema, hakuinua uso:

"Nilidhani ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilidhani umeona nimezeeka. Nilikuwa nikiachwa peke yangu najitazama kwenye kioo cha kabati, mbele, nyuma. Nikasema sawa, ana haki." Akakuna kidogo. "Siku aliyokuja mjomba nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa."

"Zilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

Nikaingia chumbani. Nikainama, kiuno kikapiga kelele, nikachungulia chini ya kitanda tulicholalia siku zote zile. Palikuwa na vumbi, na kanga moja ya zamani bado ina mikunjo ya fundo. Nikaitoa, nikaikung'uta, nikaipachika kabatini pamoja na nyingine.

Niliporudi nikamwambia ainuke. Akauliza nina nini. Nikamwambia ainuke, nikakaa mimi kwenye mbuzi, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi hata milango ikiwa imefungwa, nikachukua ile nazi nyingine nikaanza kuikuna. Akachungulia bakulini.

"Unakuna na kifuu humo," akasema.

"Ndiyo."

Tuliipika hivyo hivyo.